Asilimia moja ya uchafu: safari yangu ya kwanza kwenye mwale wa muoni

Ilikuwa saa tisa usiku, zamu yangu, siku ya pili kati ya nne tulizopewa. Kwenye skrini kulikuwa na nukta zimejipanga, kila moja kazi ya nusu saa ya mashine. Zile zilizopimwa kwenye halijoto ya juu ya kelvini 230 zilikaa kwenye mstari mmoja. Za chini ya hapo nazo zilikaa kwenye mstari wao, ila umeshuka kidogo. Kidogo kweli, kama asilimia moja. Nikapima upya nukta mbili za juu na mbili za chini. Zikarudi palepale.

Nikamwamsha mwenzangu aliyekuwa amejilaza kwenye kochi la chumba cha kudhibiti mitambo. Akaitazama grafu huku anapikicha macho, akanyamaza, kisha akasema: “Dada, hapa tumetoboa.”

Hatukuwa tumetoboa. Tulikuwa tumegharamia siku nne za mashine, na karibu mwaka mzima wa kusubiri, ili tujue kwamba mimi sijui kupima unga mweupe kwenye mizani. Nayaandika haya kwa ajili ya mtu anayejiandaa kwenda kupima kwa muoni, chembe ndogo inayofanana na elektroni ila nzito zaidi, kwa mara ya kwanza, vidonge vyake vya oksidi vikiwa kwenye kifuko, na hana wa kumwambia yale ambayo makala za kitaaluma huyaruka.

Jina la chembe hii linanifurahisha. Sikio la Kiswahili likisikia “muoni” linamfikiria mtu mwenye kuona, na kazi yake hasa ndiyo hiyo. Protoni zenye nishati kubwa hugongeshwa kwenye kipande cha grafiti, zikazaa pioni. Pioni nayo haimalizi hata nanosekunde 30 kabla ya kuvunjika na kutoa muoni. Muoni zinazotoka usoni mwa grafiti huja na nishati ya kama megaelektronivolti 4, na spini zao zote (spini ni kama kisumaku kidogo ndani ya chembe) zimeelekea upande mmoja. Hilo la mwisho ndilo utajiri wenyewe. Ukizielekeza kwenye kidonge chako, hupenya sehemu ya milimita tu, zikasimama. Ndani ya oksidi, kila moja hujibanza kando ya oksijeni, umbali wa kama angstromu moja (sehemu moja ya milioni kumi ya milimita), na hapo spini yake huanza kuyumba kama pia kwa kufuata uga wa sumaku wa mahali ilipoketi: mizunguko elfu 13.55 kwa sekunde kwa kila gausi moja. Baada ya mikrosekunde 2.2 kwa wastani, muoni hufa na kutupa positroni, yaani elektroni yenye chaji chanya, na positroni hupendelea kuelekea kule spini ilikokuwa imetazama. Upendeleo huo ndio wanafizikia Garwin, Lederman na Weinrich waliouonyesha mwaka 1957, na mpaka leo ndio tunaoula. Unakusanya mamilioni ya positroni, unalinganisha zilizokwenda mbele na zilizokwenda nyuma, na tofauti yao, ambayo tunaiita asimetria, inakusimulia spini ilivyoishi kwa hizo mikrosekunde chache.

Kwa hiyo muoni huona. Shida ni kwamba huona kila kilichopo mbele ya mwale, na haisemi imekaa ndani ya nini.

Nilichokuwa nimebeba ni La2-xBaxCuO4, ambapo x ni kiasi cha bariamu kilichochukua nafasi ya lanthani, jamii ileile ya oksidi ambayo Bednorz na Müller waliitumia mwaka 1986 kufungua mlango wa supakondakta za shaba, vitu vinavyopitisha umeme bila ukinzani vikipozwa. Umbile lake ni la matabaka: tabaka za shaba na oksijeni, katikati yake tabaka za lanthani. Bila bariamu, sumaku ndogo za atomi za shaba hupangika kwa kupeana migongo, jirani moja juu, jirani mwingine chini, na mpangilio huo huanza kwenye kama kelvini 325. Ukibadilisha lanthani kidogo kwa bariamu, mpangilio unavunjika haraka, na ukiendelea kuongeza, umeme unaanza kupita bila ukinzani, kwa sampuli nzuri hadi karibu na kelvini 30. Lakini kuna shimo njiani. Bariamu inapofika x = 0.125, yaani moja ya nane, usupakondakta unaporomoka hadi kelvini chache tu, na usumaku unarudi.

Swali letu lilikuwa rahisi kulitamka. Usumaku na usupakondakta, karibu na shimo hilo, vinalala kitanda kimoja au viko nyumba moja vyumba tofauti? Kwa swali la namna hii muoni ni shahidi mzuri kuliko vifaa vingi, maana hakupi wastani wa kidonge kizima. Inakuambia ni sehemu gani ya ujazo iliyo na sumaku iliyotulia na ni sehemu gani isiyo nayo. Na sifa hiyohiyo ndiyo iliyokuja kuniumbua.

Tuanze na andiko la kuomba muda wa mashine, kwa sababu la kwanza lilikataliwa. Vituo vikubwa vya kazi hii havifiki kumi duniani. Vinavyotajwa sana ni PSI ya Uswisi, ISIS ya Uingereza, TRIUMF ya Kanada na J-PARC ya Japani. Muda wa mashine hugawiwa kwa ushindani, kwa kawaida mara mbili kwa mwaka. Andiko langu la kwanza lilikuwa limejaa “tutachunguza” na “tutabaini”. Wakaguzi waliuliza mambo mawili tu: sampuli mnazo tayari, na mmehesabu vipi hizo siku mnazoomba? Sikuwa na jibu la lolote. La pili liliambatana na grafu za usumaku za kila sampuli zikionyesha inaanzia wapi kuwa supakondakta, na hesabu ya idadi ya nukta kuzidishwa kwa dakika za kila nukta, pamoja na saa za kubadilisha sampuli na kusubiri halijoto itulie. Hilo likapita. Andika hesabu hiyo hata kama hujaulizwa; na ukishaimaliza, punguza nukta theluthi moja, kwa sababu mashine huzimika na wewe utakosea.

Jambo la kuamua mapema ni aina ya chanzo. Kuna vituo ambako muoni huja mfululizo, moja moja, na kila moja ina saa yake. Hivi vinaona mizunguko ya kasi sana. Kuna vingine, kama ISIS na J-PARC, ambako huja kwa vishindo, maelfu kwa pamoja; hivi vina kelele ndogo ya nyuma na vinaona mbali kwenye muda mrefu, ila kishindo chenyewe kina upana wa makumi ya nanosekunde, na chochote kinachozunguka au kufa haraka kuliko hapo hukioni. Kinageuka asimetria iliyopotea. Sisi tulitaka kuona usumaku wenye kasi ya megahezi kadhaa na unaofifia upesi, tukachagua chanzo cha mfululizo. Hapo angalau sikukosea.

Vidonge nilivitengeneza mwenyewe: oksidi ya lanthani, kaboneti ya bariamu na oksidi ya shaba, vikapimwa, vikasagwa pamoja kwenye kinu kidogo cha akiki mpaka mkono ukafa ganzi, vikachomwa kwenye tanuri, vikasagwa tena, vikachomwa tena. Nilitengeneza x = 0.095, 0.12 na 0.155. Nilivipitisha kwenye eksirei, na mistari yote mikubwa ilikuwa mahali pake. Kulikuwa na vijivimbe viwili vidogo, kimoja kwenye pembe ya nyuzi 35.5 na kingine kwenye 38.7. Nilivitazama nikajiambia ni kelele. Kumbuka namba hizo.

Tulipofika kituoni, nusu ya siku ya kwanza ilikwenda kwenye mafunzo ya usalama, kipimo cha mionzi cha kuvaa kifuani na kutafuta milango. Kisha tukabandika kidonge cha kwanza, cha 0.155, kwenye bamba la fedha kwa vanishi iliyozimuliwa, tukakiteremsha kwenye kriostati, chombo cha kupozea sampuli.

Cha kwanza kabisa unachopima ni namba moja inayoitwa alfa. Vigunduzi vya mbele na vya nyuma havina macho sawa, na positroni nyingine humezwa na vyuma njiani, kwa hiyo unawasha uga dhaifu wa pembeni, uliokingama na mwelekeo wa spini, sampuli ikiwa na joto la kutosha isiwe na sumaku wala usupakondakta, unaangalia mawimbi, na unatafuta namba itakayoyafanya yayumbe sawasawa juu na chini ya sifuri. Dakika ishirini zinatosha. Ukibadilisha sampuli au ukisogeza kriostati, unapima upya. Sisi kwa sampuli ya pili “tuliokoa muda” tukatumia alfa ya ya kwanza, na mistari yetu yote ya sampuli hiyo ikaegemea upande mmoja. Ilibidi turudie.

Kosa jingine lilitula saa sita. Tulianza 0.155 kwa uga wa pembeni wa gausi 200, kwa sababu nilikuwa na hamu ya kuona usupakondakta. Hapo tulifanya sawa: tukawasha uga tukiwa kelvini 50, juu ya kizingiti cha usupakondakta, ndipo tukapoza. Ukifanya hivyo uga unaingia ndani ya supakondakta kama nyuzi nyembamba zilizojipanga, na muoni, kwa kuwa zinasimama popote, zingine karibu na uzi na zingine mbali, zinaona uga tofauti tofauti. Mawimbi yanafifia haraka kadiri tofauti hizo zinavyokuwa kubwa, na kasi ya kufifia inakupa kina ambacho uga hupenya ndani ya supakondakta. Uemura na wenzake waliichora kasi hiyo dhidi ya halijoto ya mwanzo wa usupakondakta mwaka 1989, na oksidi za shaba zenye upungufu wa vibeba chaji zikajipanga kwenye mstari mmoja. Nilikuwa nimeuona mchoro ule mara nyingi vitabuni. Kuziona nukta zangu mwenyewe zikipanda kelvini 30 ilipokatika, sitadanganya, nilitabasamu peke yangu. (Ukiwa na unga badala ya fuwele moja, kumbuka kwamba kina unachopata ni cha mchanganyiko wa pande zote, cha ndani ya tabaka ni kidogo kuliko hicho, unagawanya kwa kama 1.3. Na kufifia kunakotokana na viini vya atomi, unakokupima juu ya kizingiti, kunatolewa kwa miraba, yaani kila kasi unaizidisha kwanza kwa yenyewe, si kwa kutoa moja kwa moja.)

Tulipomaliza gausi 200 nikazima uga, na bila kupasha sampuli joto nikaanza vipimo vya uga sifuri tukiwa kelvini 5. Asimetria ikaporomoka kama jiwe. “Usumaku!” nikaandika kwenye daftari. Tukapima kelvini 5, 8, 12, 16, 20. Kila mahali usumaku, ukipungua taratibu hadi kutoweka kwenye kelvini 30 hivi. Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka: usumaku gani huo unaokufa palepale usupakondakta unapokufa?

Uga ulikuwa umezimwa kwenye koili, lakini sampuli ilikuwa bado imeukumbatia. Supakondakta chafu kama vidonge vya unga hushika zile nyuzi za uga na haziachii mpaka uzipashe joto. Tukapanda hadi kelvini 60, tukahakikisha uga ni sifuri, tukashuka. “Usumaku” wote ukayeyuka. Tangu siku hiyo ninapima uga sifuri kwanza kwa sampuli zote, ndipo naugusa uga wa pembeni. Nikilazimika kuchanganya, kila badiliko linapitia juu ya kizingiti, hata kama saa inanisuta.

Na sifuri iwe sifuri. Uga wa dunia wenyewe ni kama nusu gausi. Unaonekana si kitu, lakini kwa mikrosekunde 10 unaigeuza spini karibu nyuzi 24, na kwenye grafu hiyo inafanana kabisa na usumaku dhaifu. Vituo vina koili za kufuta mabaki hayo. Waulize zimewashwa, na waulize sumaku kubwa ya jirani yenu kwenye ukumbi imewashwa lini.

Sasa turudi saa tisa usiku.

Kidonge kilichokuwamo wakati huo ni cha 0.12, na tulikuwa tunapima kwa uga dhaifu wa pembeni, gausi 50, kutoka kelvini 300 kwenda chini. Mantiki yake ni hii: muoni iliyokaa mahali pasipo na sumaku itazunguka kwa utulivu kwa kasi ya gausi 50. Iliyokaa palipo na usumaku wenye nguvu itazunguka hovyo kwa kasi yake na kutoka kwenye hesabu. Urefu wa mawimbi yaliyobaki, basi, ni sehemu ya ujazo isiyo na sumaku. Tulitarajia mawimbi yaanze kupungua kati ya kelvini 40 na 30. Yakapungua hapo kweli, tena kwa kishindo. Lakini kulikuwa na ule mshuko mdogo wa 230, ambao hakuna aliyeutaja popote nilikosoma.

Na nilikuwa na maelezo yake tayari. Karibu na moja ya nane, fuwele ya oksidi hii hubadilisha umbo lake kwenye kama kelvini 235. Vyumba vya oksijeni vinavyoizunguka shaba huinama. Usumaku unaozaliwa pamoja na mwinamo wa fuwele! Nilikuwa nimeshaanza kukiwaza kichwa cha makala. Saa kumi na moja alfajiri nikamtumia msimamizi wangu grafu, na juu ya barua pepe nikaweka alama tatu za mshangao. Nitazijutia alama zile mpaka nizeeke.

Asubuhi mwenyeji wetu wa kituo alipoingia, nilisita kumwonyesha. Nilitaka kwanza nikusanye nukta zaidi, niwe na uhakika, na nikiri pia kwamba sikutaka mtu mwingine auone kabla yetu. Mwenzangu akanikonyeza: mficha uchi hazai. Nikaifungua grafu.

Mwenyeji aliitazama kwa sekunde kama kumi. Hakuuliza kuhusu takwimu wala kuhusu alfa. Akasema, “Rudisheni kile cha 0.155, mpime nukta nne: 260, 240, 220, 200.” Halijoto ambayo fuwele inabadilisha umbo hushuka unapoongeza bariamu, kwenye 0.155 iko chini sana ya 235. Kama mshuko wetu unatokana na mwinamo wa fuwele, ungehama nao.

Saa tatu baadaye ulikuwa umekaa palepale, 230, kwa kiasi kilekile.

“Oksidi ya shaba,” akasema. “Ile ya kawaida, nyeusi. Sumaku zake hupangika kwenye 230. Mna asilimia moja yake ndani ya vidonge.” Kisha akaongeza kwa upole, jambo lililonichoma zaidi kuliko angenifokea, kwamba mashine ya mamilioni ya protoni si mahali pa kutafutia uchafu ambao eksirei ya mezani ingeuona. Nikafungua faili za eksirei kwenye kompyuta yangu. Nyuzi 35.5, nyuzi 38.7. Ni mistari miwili mikubwa ya oksidi ya shaba, iko kwenye kila jedwali.

Wakati huo jibu la msimamizi likaingia. Lilikuwa sentensi moja: “Lanthani uliikausha?”

Sikuwa nimeikausha. Oksidi ya lanthani ni unga mweupe mzuri, mwepesi kwa macho, na una kiu kama mchanga. Ukiuacha kwenye hewa unanyonya unyevu na kaboni dioksidi kimyakimya, rangi haibadiliki, chupa inaonekana vilevile, lakini kila gramu unayoipima si gramu ya oksidi tena. Niliporudi nyumbani nilichukua gramu 5.000 kamili kutoka kwenye ile chupa niliyoitumia, nikazichoma kwa nyuzi 1,000 za Selsiasi usiku kucha, nikapima tena. Zilibaki gramu 4.75. Robo gramu ilikuwa hewa na maji.

Nikakaa na kalamu nikafanya hesabu niliyopaswa kuifanya mwaka mmoja kabla. Lanthani ikipungua asilimia 5, shaba inakosa wenzake wa kuungana nao, na ile inayobaki pembeni kama oksidi ni karibu asilimia moja ya uzito wa kidonge. Ndio ule mshuko. Lakini kuna la pili, na ndilo lililoninyima usingizi: lanthani ikipungua, uwiano wa bariamu unapanda. Kidonge nilichokiandika 0.12 kilikuwa, kwa kweli, karibu 0.126. Nilikuwa nimevuka moja ya nane bila kujua, na mwaka mzima nilikuwa nikikiita kwa jina lisilo lake.

Nilikuwa na mwezi wa kukasirika. Hakuna wa kumkasirikia, na hilo ndilo baya. Kwenye kikundi chetu kila mtu alijua kwamba lanthani hukaushwa, ila walijua kwa namna ya kitu ambacho hakisemwi kwa sababu nani asiyekijua? Mimi. Basi nakisema: kausha kwa nyuzi 900 hadi 1,000, usiku mzima, kila unapopima, hata kama chupa ilifunguliwa jana. Usipime unga ukiwa wa moto, maana hewa ya moto inayopanda huuinua na mizani inakudanganya. Uache upoe ndani ya chombo kilichofungwa chenye silika jeli, kisha upime haraka. Ukiuweka kwenye mizani ya kusoma sehemu ya kumi ya miligramu, utaona tarakimu ya mwisho ikipanda yenyewe mbele ya macho yako, moja, mbili, nne, kama mita ya teksi. Ndiyo hewa hiyo.

Safari ya pili tuliipata baada ya andiko la tatu, ambalo ndani yake tulieleza kosa la kwanza bila kulipamba. Niliogopa lingetuua. Mmoja wa wakaguzi aliandika kwamba ndilo lililomfanya aamini tunajua tunachokifanya.

Tulibeba vidonge vipya na kitu kingine ambacho mwenyeji alitushauri: kidonge cha La2CuO4 tupu, kisicho na bariamu, chenye kipenyo na unene uleule, kilichochomwa kwenye gesi ya agoni kuondoa oksijeni ya ziada. Sababu yake inahusu lile bamba la fedha. Mwale ni mpana kuliko kidonge, na muoni zinazokosa kidonge huangukia kwenye fedha, ambako viini vina usumaku mdogo sana; spini inazunguka humo kwa utulivu mpaka kufa. Kwenye grafu hazitofautiani na “sehemu isiyo na sumaku” ya sampuli yako. Safari ya kwanza nilikuwa nimesema kwa kujiamini kwamba robo ya kidonge cha 0.12 haikuwa na usumaku hata kwenye kelvini 5. La2CuO4 ikipozwa ina usumaku kila mahali, haina chembe ya utulivu, kwa hiyo mawimbi yoyote yanayobaki ni ya fedha. Tukapima. Kilichobaki kilikuwa robo kasoro kidogo. Ile “sehemu isiyo na usumaku” niliyoiandalia aya mbili ilikuwa, karibu yote, bamba.

Kwa kuwa kidonge kile kilikuwa ndani, tuliondoa uga tukaangalia sifuri. Kama hujawahi kuona, tenga dakika ishirini uone. Hakuna sumaku yoyote imewashwa, na skrini inajaa mawimbi safi ya karibu megahezi 5.8, moja baada ya jingine, yakitoka kwenye uga wa gausi mia nne na kitu ambao shaba zenyewe zimeupanga. Mwenzangu alipiga picha skrini kwa simu. Mimi nilikaa tu.

Vidonge vipya vilipita kelvini 230 bila hata kutikisika. Kwenye 0.12 ya kweli usumaku ulianza chini kidogo ya tulivyopima mara ya kwanza, na baada ya kuondoa fedha ulichukua sehemu kubwa ya ujazo lakini si wote, kwenye 0.095 na 0.155 ulikuwa dhaifu zaidi, sehemu yake ikikua polepole kadiri tulivyopoza. Vyumba tofauti, kwa hiyo, angalau kwenye vidonge vyangu, ingawa unga hauwezi kukuambia ukuta kati ya vyumba una unene gani.

Kidonge cha zamani sikukitupa. Nilikata 0.12 kwenye kifuko chake nikaandika 0.126, na siku ya mwisho, mashine ilipobakiwa na saa saba ambazo hatukuzipangia chochote, tukakiteremsha. Mshuko wa 230 ulikuwapo, asilimia moja yake, kama kovu. Halafu kuanzia karibu kelvini 40 mawimbi ya gausi 50 yakaanza kwenda, na tulipofika kelvini 5 hapakuwa na kilichobaki isipokuwa yale ya fedha. Kati ya vidonge vyote tulivyowahi kupima, hicho ndicho kilichokuwa na usumaku kuliko vyote, na ndicho kilichochukua ukurasa wa kwanza wa ripoti yetu, kwa jina lake halisi.